Mwacheni Poulsen, Tafuteni Daftari

Kuna maneno manne ambayo yakifutwa leo kwenye kurasa za michezo za Tanzania sitayalilia hata kidogo: "mwenye damu ya Kitanzania." Yalitumika Juni 2018, Yussuf Poulsen alipoifungia Denmark goli pekee dhidi ya Peru kule Saransk kwenye Kombe la Dunia. Yakatumika tena Juni 2021 pale Copenhagen, alipowafunga Ubelgiji kabla dakika ya pili haijaisha, siku tano tu baada ya Christian Eriksen kuanguka uwanjani na dunia nzima kushika roho mkononi. Nimeyasoma magazetini, nimeyasikia redioni, na mahali yaliponichoma zaidi ni kwenye kibanda umiza hapa Bariadi, yalipotamkwa kwa fahari na kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Kijana mwenyewe damu yake ni ya Kitanzania asilimia mia, mguu wake wa kushoto ni dawa, na timu yake haina hata mpira wa akiba.

Sasa niseme ninachotaka kusema, na najua kuna watakaonuna. Poulsen si wetu. Hajawahi kuwa wetu. Na kila tunapomdai, tunajisamehe deni la kweli tulilonalo kwa watoto wa Somanda, Lagangabilili, Mwanhuzi na Nyashimo.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana katika makelele yote haya yeye ndiye anayesahaulika. Yussuf Yurary Poulsen alizaliwa Copenhagen tarehe 15 Juni 1994. Mama yake ni raia wa Denmark, baba yake alikuwa Mtanzania aliyefanya kazi melini. Baba akafariki kwa saratani mtoto akiwa na miaka sita. Huyo mtoto alianza mpira BK Skjold, klabu ya mtaani ya jiji hilohilo, moja ya zile klabu ambazo wazazi wanajitolea kufundisha, kufua jezi na kuendesha magari kupeleka watoto kwenye mechi. Akiwa na miaka 14 akahamia Lyngby, na mwaka 2011 akaingia kikosi cha wakubwa. Mwaka 2013, badala ya kusubiri jina kubwa, akaenda RB Leipzig ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika daraja la tatu Ujerumani. Wajerumani wengi wanaichukia Leipzig mpaka kesho, wanaiona ni tangazo la kinywaji lililovalishwa jezi, na mimi sina ugomvi nao. Lakini kijana alikwenda kufanya kazi. Mwaka 2014 wakapanda daraja la pili, 2016 wakaingia Bundesliga, 2017 wakamaliza wa pili na kwenda Ligi ya Mabingwa. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 15 ya ligi. Kombe la Ujerumani akalibeba 2022 na 2023. Mechi zaidi ya 400 kwa klabu moja, miaka kumi na miwili, halafu 2025 akahamia Hamburg.

Ukizitazama vizuri hizo si namba za nyota wa mabango. Ni namba za fundi. Poulsen ni mshambuliaji wa kukimbia, kusukumana na mabeki, kushinda mipira ya juu na kumwachia mwenzake afunge. Mtu wa namna hiyo hatokani na kipaji peke yake. Anatokana na miaka mingi ya mtu fulani kumwambia kila wiki: rudi nyuma, ziba pale, geuza mwili, tena, tena. Huyo mtu fulani alikuwa Denmark, na analijua jina la kila mtoto aliyepita mikononi mwake.

Halafu, kama damu ndiyo inayofunga, basi ibebe na mengine. Kombe hilohilo la 2018 Poulsen alisababisha penalti mbili, moja dhidi ya Peru na nyingine dhidi ya Australia, akala kadi mbili za njano na kuikosa mechi ya Ufaransa. Mbona hapo sikusikia mtangazaji hata mmoja akisema kwamba damu ya Kitanzania imeshika mpira kwenye boksi? Siku ya penalti alikuwa Mdenmark. Siku ya goli ni ndugu yetu, bwana.

Kuna jambo la jezi pia, na hapa ndipo huwa nakasirika kweli. Kule Urusi Poulsen alivaa mgongoni jina la Yurary badala ya Poulsen. Hapa kwetu likasomwa kama salamu iliyotumwa nyumbani. Watu wakaandika kwamba kijana "ametukumbuka," kwamba "ameonyesha asili yake." Jamani. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa na miaka sita amepata nafasi ya kucheza Kombe la Dunia, jambo ambalo baba yake hakuliona, na akaamua kwenda naye uwanjani kwa njia pekee iliyobaki. Ile jezi ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo ameshakufa. Sisi tukaingia katikati ya kumbukumbu ya msiba wa watu, tukavuta viti, tukauliza pilau liko wapi.

Wasomaji wa fasihi wataitambua hadithi tuliyomtungia. Ni ile ya mwana mpotevu: kijana ameenda mbali, siku moja atarudi, na baba atamchinjia ndama. Inapendeza masikioni. Shida yake ni kwamba hadithi hiyo inamtaka mwana aliyeondoka. Poulsen hakuondoka popote. Alizaliwa pale, akasoma pale, akafundishwa mpira pale, na alipoitwa timu ya taifa ya pale mwaka 2014, akaitika. Hakuna mlango wetu alioufunga, kwa sababu hakuna mlango wetu aliowahi kupita. Hadithi imeandikwa na watu wanaomtafuta baba wa mtoto aliyefaulu. Na kila mtu anajua, mtoto akifaulu baba huwa wengi.

Hatuko peke yetu katika ugonjwa huu. Wakenya nao walishangilia kila goli la Divock Origi kwa Liverpool mwaka 2019 kana kwamba amefunga Kasarani. Ila Wakenya wana nusu ya hoja. Baba yake, Mike Okoth Origi, alicheza mpira Kenya, akaichezea Harambee Stars, ndipo akaenda Ubelgiji alikomzaa Divock mwaka 1995. Yaani mpira wenyewe ulisafiri na mzazi. Ukienda Sweden utamkuta Alexander Isak, mtoto wa wazazi kutoka Eritrea, aliyezaliwa Solna mwaka 1999 na kulelewa na klabu ya hapohapo, AIK, tangu akiwa mdogo. Waeritrea wana haki ya kumpenda, na sijui nani anaweza kuwazuia. Lakini mwaka 2025 Liverpool walipomnunua kutoka Newcastle kwa pauni milioni 125, kanuni za mpira hazikuuliza damu yake ni ya wapi. Ziliuliza swali jingine kabisa, ambalo sisi hatupendi kuulizwa: nani alimlea, kuanzia lini hadi lini, na ushahidi uko wapi?

Nieleze kidogo, kwa sababu naona hata waandishi wenzangu wa michezo hulipita jambo hili harakaharaka wakikimbilia ada ya uhamisho. FIFA ina kitu inachokiita mchango wa mshikamano. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea, kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Kwa misimu minne ya kwanza, ya umri wa 12 hadi 15, kila msimu una robo ya asilimia moja. Kuanzia 16 kila msimu una nusu asilimia. Kila anapouzwa tena, hesabu inarudiwa tena. Tangu Novemba 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA ya kupitisha malipo hayo, na inachosoma ni kumbukumbu za usajili zilizotumwa na mashirikisho ya nchi: jina, tarehe ya kuzaliwa, klabu, msimu.

Chukua kalamu. Klabu moja ya mtaa hapa Bariadi ikimlea mtoto kwa misimu hiyo minne tu, ina haki ya asilimia moja ya kila mauzo yake ya kimataifa mpaka anastaafu. Akiuzwa kwa euro milioni 1, ambayo kwa Ulaya ni bei ya mchezaji wa kawaida sana, klabu inapata euro 10,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 25. Kwa timu ambayo leo inachangishana mia tano mia tano kununua mpira mmoja, hiyo ni misimu mingapi? Na sijazungumzia fidia ya malezi, ambayo hulipwa kando.

Lakini ili ulipwe, lazima uwe umeandikwa.

Hapo ndipo ninapouliza swali ambalo nimewauliza viongozi kadhaa wa mpira kanda hii bila kupata jibu la kueleweka. Daftari liko wapi? Daftari la watoto wa miaka 12, 13, 14 na 15 wanaocheza mpira kwenye wilaya tano za mkoa huu, lenye majina, tarehe za kuzaliwa na klabu zao, liko kwenye kabati la nani? Nimejibiwa kwamba kuna "changamoto." Nimejibiwa kwamba watoto wanacheza shuleni. Mmoja alinicheka, akaniambia mpira wa miguu hauchezwi kwenye karatasi. Mzee wangu, kwa heshima zote, siku hizi unachezwa hukohuko kwanza.

Kinachoniuma ni kwamba Simiyu si mkoa wa watu wasiojua kuandika. Huu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Nenda kituo chochote cha AMCOS msimu ukifunguliwa. Mkulima anafika na mzigo kichwani au kwenye mkokoteni, unapanda mizani, karani anaandika kilo, anaandika jina, anaandika fedha, mkulima anaondoka na risiti. Watu watagombana juu ya mizani, na mara nyingi wana haki ya kugombana, lakini wanagombana kwa sababu kuna kitu kimeandikwa. Tazama na ng'ombe. Miaka michache iliyopita serikali ilianzisha kampeni ya kuwavalisha mifugo hereni za kielektroniki, kila mmoja na namba yake. Kwa hiyo kilo ya pamba ina karani, fahali wa Meatu kaandaliwa namba sikioni, na mtoto wa miaka 13 anayepiga chenga watu wanne kwenye uwanja wa vumbi anaandikwa na nani? Anaandikwa na mwalimu wa michezo, kwenye kipande cha karatasi, siku tatu kabla ya UMITASHUMTA. Mashindano yakiisha karatasi inafungiwa maandazi.

Mtaniambia Wasukuma ni watu wa masimulizi, si wa karatasi. Hapana, msituletee hiyo. Wasukuma tunajua mashindano na tunajua kuhifadhi. Wagika na Wagalu hucheza ngoma kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kumzunguka. Hakuna refa wa kumlalamikia. Watu wakikugeuzia mgongo, umeshindwa. Na kila upande unajua umetoka kwa nani. Mkalishe mcheza ngoma mzee wa Itilima, atakutajia aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo, na aliyemfundisha yule, mpaka uombe maji. Halafu mkalishe kiongozi wa timu ya mtaa umuulize vijana wake wa mwaka juzi wako wapi. Atakuangalia. Yaani tuna kumbukumbu, ila hatujaona kwamba mpira unastahili.

Nina rafiki, jina lake nalihifadhi, tuliyecheza naye tukiwa darasa la sita. Nimewatazama wachezaji wa Ligi Kuu kwa miaka kumi na kitu sasa kama sehemu ya kazi, na bado naamini alikuwa na kitu ambacho wengi wao hawana. Akiwa na miaka kumi na saba alikuja mtu kutoka Dar es Salaam akasema amempatia majaribio kwenye klabu. Familia ikauza ng'ombe wawili. Kufika huko akaulizwa cheti cha kuzaliwa, hana. Akaulizwa klabu yake ya zamani imsafishie usajili, haijasajiliwa popote. Akaulizwa umri, akasema kumi na saba, wakacheka. Kwa nini wasicheke? Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kwa hiyo kijana asiye na karatasi anaonekana mwongo kabla hajafungua mdomo. Alirudi baada ya wiki tatu. Leo ana bodaboda pale stendi, ana watoto watatu, na ukimtajia mpira anabadilisha mazungumzo.

Sasa linganisha mlango uliofungwa kwake na mlango uliofunguliwa kwingine. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kuwapa uraia wachezaji watatu wa Singida Black Stars, mmoja wa Ghana, mmoja wa Ivory Coast, mmoja wa Guinea. Sina neno na vijana wale. Walikuja kutafuta riziki, wakapewa fomu, wakajaza. Neno langu ni kwa sisi. Karatasi ilipotakiwa kwa mchezaji aliyekwisha kuiva, karatasi ilipatikana. Wakati huohuo sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, maana yake hata huyo Poulsen tunayemlilia, kama angetaka kuwa Mtanzania angelazimika kuirudisha pasipoti ya nchi iliyomlea. Yaani tunamwambia mtoto wa watu "wewe ni wetu" huku tumeshika sheria inayosema si wetu. Wanaotaka kubishana juu ya sheria ya uraia wabishane, ni mjadala halali na una watu wenye uchungu wa kweli pande zote. Ila wasiuite mjadala wa mpira. Ukiibadilisha sheria kesho asubuhi utapata wachezaji wawili watatu waliolelewa Portsmouth au Copenhagen, na hapa Bariadi hakitabadilika kitu.

Najua wataninyooshea Mbwana Samatta. Si alitoka Mbagala bila daftari lolote na akafika Aston Villa? Sawa, tumzungumze Samatta kwa heshima yake yote. African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe mwaka 2011 baada ya kuwasumbua haohao Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Genk Januari 2016, ubingwa wa Ubelgiji 2019, Villa Januari 2020, goli Wembley dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi Machi mwaka huohuo. Ni safari ambayo mtoto yeyote anapaswa kuijua. Lakini isome vizuri. Kila kituo ni klabu iliyosajiliwa, katika ligi iliyosajiliwa, mbele ya watu wanaoandika. Na cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Klabu iliyomng'arisha miaka mitano mfululizo ilikuwa ya Lubumbashi, Kongo, si ya kwetu. Ukimtoa Samatta Mbagala ukamweka Mwanhuzi, nani angemwona? Thomas Ulimwengu naye alipita Mazembe, akafika mpaka Sweden kuichezea AFC Eskilstuna mwaka 2017. Michael Olunga wa Kenya alitoka Gor Mahia akaenda Djurgården ya Stockholm mwaka 2016, na miaka minne baadaye alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani kwa magoli 28. Hawa wanatufaa zaidi kuliko Poulsen kwa sababu walilelewa huku, na kila mmoja ukimfuatilia nyuma unakutana na klabu iliyomwandika.

Wengine watasema mkoa ni maskini. Kwamba mvua zikikosekana watu wanahangaikia chakula, si umri wa wachezaji. Hoja hii naiheshimu, nimekulia ndani yake. Ila tuulizane bei. Kaunta buku ni shilingi ngapi? Na mkoa huu, ukitaka, unajua kufanya mambo. Ulipewa hadhi ya mkoa Machi 2012, ukimegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na haukukaa kulia. Maswa wakatengeneza chaki. Meatu wakasindika maziwa. Viwanja vya Nyakabindi vikabeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018 na wageni kutoka nchi nzima wakalala kwetu. Watu waliokaa chini wakaamua kwamba chaki iandikwe Maswa wanashindwaje kuamua mtoto aandikwe Bariadi?

Na fedha za mpira zipo, tena zinaonekana. Subiri uchaguzi ukaribie. Kila mwenye nia anaanzisha kombe, anagawa jezi zenye jina lake, mshindi anapewa ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu mpira. Vumbi, vuvuzela, picha. Nimeripoti makombe ya namna hii mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijakuta hata moja ambalo mwisho wake orodha ya wachezaji ilipelekwa kusajiliwa popote. Timu zinaundwa wiki mbili kabla, vijana wa miaka ishirini na tano wanacheza na wa kumi na tano, mamluki wanatoka Lamadi hadi Magu, na filimbi ya mwisho ikilia timu zinakufa. Ng'ombe analiwa siku hiyohiyo. Kijana wa miaka kumi na tano anarudi nyumbani na jezi ya mtu anayetafuta ubunge.

Hebu tupige hesabu ya mwisho. Mkoa ulizaliwa 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka uleule alitimiza miaka 12 mwaka 2024, na kwa hesabu za FIFA hapo ndipo malezi yake yalipoanza kuhesabika. Robo ya kwanza ikapita mwaka huo. Ya pili ikapita 2025. Ya tatu ni ya 2026. Ya nne ni ya 2027, mwaka ambao AFCON inachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na sote tutakuwa tumevaa jezi za Taifa Stars tukiimba. Kizazi kizima cha kwanza cha mkoa huu kitakuwa kimetimiza miaka 15 bila mtu kuandika kwamba kililelewa hapa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu zaidi ya milioni 2.1. Makarani walipita kila kaya, hata zile za ndani kabisa ambako bodaboda inagoma. Kwa hiyo msiniambie watoto hawapatikani.

Kinachotakiwa hakihitaji ziara ya mafunzo Ulaya. Chama cha mpira cha kila wilaya kisajili klabu za mtaa, hata kumi za kuanzia. Kila klabu iwe na timu ya watoto wa miaka 12 hadi 15. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa, na asiye nacho klabu imsaidie apate. Majina yaingizwe kwenye mfumo wa usajili wa kielektroniki wa TFF kila msimu, yasiishie kwenye karatasi ya mwalimu. Wale wa UMITASHUMTA waliochaguliwa timu ya mkoa wapelekwe kwenye klabu siku wanayorudi, kwa sababu shule si klabu na malezi yake hayahesabiki. Na yeyote anayeanzisha kombe la jina lake aambiwe: hakuna usajili, hakuna uwanja wa halmashauri. Kama anaipenda michezo kiasi hicho, atasubiri wiki mbili orodha zikamilike.

Nimeambiwa na rafiki mmoja wa redioni kwamba nina wivu, kwamba kumshangilia Poulsen hakumnyimi mtoto yeyote chakula. Kushangilia hakunyimi, kweli. Na mimi Leipzig ikicheza nilikuwa namtazama kama nyie, yule jamaa ni mchapakazi, inapendeza kumwona akigombana na beki aliyemzidi kilo kumi. Lakini sikilizeni redio wiki atakapofunga tena, mhesabu dakika zitakazotumika kuizungumza damu yake. Kisha mhesabu dakika zilizotumika mwaka mzima kuuliza kama kuna ligi ya watoto Itilima. Muda wa hewani una mwisho, na kurasa za gazeti zina mwisho. Dakika ya kumdai Poulsen imetolewa mahali.

Wanaonipinga nawakaribisha, tena nitafurahi. Ila mtu asije na wimbo wa damu. Aje na daftari la ligi ya watoto chini ya miaka 15 la wilaya yoyote kati ya tano za Simiyu, msimu wowote tangu 2012, lenye majina na tarehe za kuzaliwa. Nipo Bariadi, nitalifuata popote lilipo, hata ikibidi kwa bodaboda ya rafiki yangu yule.